Kihenge Kinapogeuzwa Mizani

Kuna mtunza ghala huku Buhare, Musoma, ambaye hapimi mahindi, anayasikiliza. Hushika nyundo ya mpira akagonga bati la kihenge kuanzia usawa wa kifua, akapanda ngazi huku akigonga kila baada ya hatua mbili, na pale dundo zito linapogeuka kuwa mlio wa debe tupu huchora mstari kwa chaki. Kisha hushuka, hufuta jasho, huandika kwenye daftari: tani 41.

"Mzee wangu, hii 41 ni ya uhakika?" nilimuuliza siku moja.

"Ni ya uhakika, mwanangu. Mpaka mkaguzi afike."

Kihenge chenyewe hakina ajabu. Kipenyo chake ni mita 4, kimesimama juu ya miguu minne ya chuma, kitako chake kimechongoka kama faneli, na kikijaa kinabeba tani 60 za mahindi. Vya namna hii utavikuta kwenye vinu vya nafaka na viwanda vidogo vya chakula cha kuku vya Musoma, na ndugu zake, yaani matangi ya mafuta na mapipa ya mbegu, kwenye ukanda wa pamba wa Bunda. Vilipojengwa hakuna aliyewaza kuvipima. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi tu. Mizani ilikaa mlangoni na kilichoingia kiliandikwa gunia kwa gunia.

Siku hizi wanapita wauzaji wenye vibegi vyeusi na kompyuta mpakato. Wanasema: pachika vihisio kwenye miguu, na kihenge chote kitageuka mizani, bosi ataziona tani zake kwenye simu akiwa Mwanza. Mafundi wenyewe hawasemi vihisio, wanasema sensa, neno ambalo kwa wengi wetu ni ile kazi ya mwaka 2022 ya watu kuhesabiwa. Si vibaya. Hata hapa kinachotafutwa ni hesabu, na hata hapa kuna wanaojificha siku ya kuhesabiwa.

Nimeona kazi hii ikifanikiwa, na nimeona ikiishia kuwa kioo cha namba nyekundu ambacho hakuna anayekitazama. Msimamo wangu niuseme mapema: kupachika ndiyo sehemu nyepesi. Kinachoamua kama fedha imeokolewa au imetupwa ni jinsi kihenge kinavyolinganishwa na mizani inayoaminika, na nani anashika ufunguo wa ulinganisho huo.

Tusimcheke kwanza mzee wa nyundo. Tuone anakosea wapi, maana kosa lake ndilo sababu ya shughuli yote. Mahindi makavu yakimwagwa kutoka juu hayalali bapa kama maji. Yanajenga kichuguu chenye mwinamo wa nyuzi 25 hivi. Ndani ya kihenge cha kipenyo cha mita 4, kilele cha kichuguu hicho kinapanda sentimita 93 juu ya ukingo. Nyundo inasikia ukingo tu, kwa hiyo mzee anaacha kuhesabu kichuguu kizima: takribani tani 2.8, magunia 28 ya kilo 100. Mwenzake wa kiwanda cha pili hutumia kamba yenye nati, anaishusha kupitia tundu la katikati ya paa. Nati inagusa kilele, yeye anadhani mahindi yote yamefika usawa huo, na anajizidishia tani 5.6. Watu wawili waaminifu wakipima kihenge kimoja watatofautiana kwa zaidi ya tani 8, na hapo hakuna aliyeiba hata kisado. Mahindi yakianza kutolewa, mambo yanapinduka: katikati panakuwa shimo, kingo zinabaki juu, na makosa yao yanabadilishana pande.

Mbegu ya pamba ni mkorofi zaidi. Inapotoka kwenye jineri bado ina manyoya, na manyoya hushikana. Ukifungua mlango wa chini, mbegu za chini zinatoka, za juu zinabaki zimejenga kuba linaloning'inia ndani ya pipa. Kifaa cha rada au cha sauti kinachotazama kutoka kwenye paa kinaona uso ule ule na kutangaza kwamba pipa limejaa. Kuba hilo ndilo linalofanya kijana ashike fimbo ndefu na kuingia ndani kulivunja, nalo likishuka linamfukia. Mizani chini ya pipa haidanganyiki na kuba, maana uzito uliotoka umetoka. Hata kama usingekuwa na shida ya hesabu, namba inayokuonyesha kwamba mlango uko wazi na uzito haupungui ni onyo tosha kwamba juu kuna kitu kimening'inia.

Kwenye mafuta ya pamba, shida ni joto. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa kama kilo 0.92, na ujazo wake hubadilika kwa karibu asilimia 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua tangi la lita 20,000 lililojazwa jioni mafuta yakiwa bado na joto la mashine. Yakipoa nyuzi 10 usiku kucha, kijiti cha asubuhi kitaonyesha lita 140 zimepotea, na mlinzi wa usiku ndiye atakayeitwa ofisini. Uzito wake haukubadilika hata kwa gramu.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tusiweke kipimo cha shinikizo chini ya tangi na kumaliza maneno? Kwa mafuta inafaa sana, na ni rahisi kuliko yote nitakayoeleza. Kwa nafaka haifai kabisa. Mwaka 1895 mhandisi Mjerumani H. A. Janssen alichapisha majaribio yake ya nafaka ndani ya vihenge na kuonyesha kwamba punje husuguana na ukuta, na ukuta hubeba sehemu kubwa ya uzito. Ukizidi kujaza, shinikizo la chini linafika mahali linakwama. Tani mpya zinabebwa na bati la pembeni. Kwa maneno mengine, kitako cha kihenge hakijui kilichopo juu yake. Miguu ndiyo inayojua, kwa sababu uzito wa kitako na uzito wa ukuta vyote mwisho wake ni kwenye miguu.

Basi twende miguuni. Kihenge chetu kitupu kina tani 12. Kikijaa, miguu minne inabeba tani 72. Ukiangalia mahindi peke yake, kila mguu umeongezewa tani 15. Ikiwa mguu una urefu wa mita 3 na chuma cha sentimita za mraba 60, tani hizo 15 zinaufupisha kwa milimita 0.37, unene wa karatasi nne hivi za daftari. Hicho ndicho tunachokipima. Hatupimi mahindi. Tunapima chuma kinavyonywea, kisha tunakisia mahindi, na atakayelisahau hilo atashangazwa na kila kitu kitakachofuata.

Kifaa kinachosoma unyweaji huo kilizaliwa kwenye tangi. Mwaka 1938 Arthur Ruge wa chuo cha MIT, Marekani, alikuwa anachunguza jinsi tetemeko la ardhi linavyoyaumiza matangi ya maji, akatumia mfano wa tangi wenye ukuta mwembamba mno kiasi kwamba vipimo vya wakati huo vilikuwa vizito kuliko kinachopimwa. Akagundisha waya mwembamba kwenye ukuta kwa gundi. Ukuta ukivutika, waya unavutika, na umeme unapita kwa shida zaidi. Ukinywea, unapita kwa urahisi zaidi. Edward Simmons, huko California, alikuwa amefikia wazo hilo hilo kipindi hicho hicho. Vigundishwa vinne vya namna hiyo vikipangwa kwenye mzunguko wa Wheatstone, mabadiliko madogo yanaonekana kama tofauti ya volti.

Madogo kiasi gani? Mafundi huweka chini ya kihenge kama hiki lodi seli nne, yaani vyuma vilivyokwisha kugundishiwa waya za namna hiyo, kila moja ya uwezo wa tani 30. Unazipa volti 10, nazo zikibeba uwezo wake wote zinarudisha milivolti 20. Kihenge chetu hakifiki huko. Mahindi yote tani 60 yanatoa milivolti 10. Gawanya kwa magunia 600. Gunia moja linakuwa kama sehemu 17 kwa milioni za volti moja. Namba hiyo inapita kwenye waya wa mita kadhaa, kwenye kiboksi cha kuunganishia ambacho mfuniko wake ulifungwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kuwahi daladala. Unyevu kidogo ukiingia kwenye kiboksi, magunia kumi yanakuja na kuondoka bila mtu kugusa mlango. Kwa hiyo nikiitwa kwenye mizani iliyorukwa na akili sianzi na kompyuta. Naanza na mfuniko.

Kwa kihenge kilichokwisha kujengwa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuinua kila mguu kwa jeki, milimita chache tu, kihenge kikiwa kitupu, na kuingiza lodi seli kati ya mguu na msingi. Ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya, kwa kuwa kihenge kilichofunguliwa boliti zake ni tanga, na upepo wa ziwa unaoanza mchana hauombi ruhusa. Lazima vibaki vizuizi vya kukizuia kisipae wala kuteleza, ila visikibebe. Hapo ndipo hesabu ya mafiga inapoingia. Chungu juu ya mafiga matatu kinakaa chenyewe, kila figa linapata sehemu yake hata kama sakafu haiko sawa. Ongeza la nne na utaona mojawapo linabaki halibebi kitu. Kihenge cha miguu minne ni hivyo hivyo: mguu mmoja ukiwa mfupi kwa milimita 1, wenzake wanaubebea mzigo, na lodi seli mojawapo inaweza kuzidiwa huku jumla ikionekana nzuri. Fundi makini huingiza vipande vyembamba vya bati mpaka seli zote nne zisome karibu sawa. Fundi mvivu huangalia jumla tu. Kwenye tambarare za udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, kusawazisha huko si kwa mara moja. Musoma mjini, penye miamba, misingi haitembei.

Njia ya pili ni ya wasiotaka jeki. Unakwangua rangi, unatoboa na kufunga kihisio cha boliti moja kwa moja kwenye mguu au boriti, nacho kinasoma unyweaji wa chuma kilichopo. Kazi ya siku moja au mbili, kihenge hakihami, uzalishaji hausimami. Ndiyo maana wauzaji wanaipenda na ndiyo maana mimi pia, kwa sehemu kubwa ya viwanda vya huku, naipendekeza. Lakini gharama yake imo kwenye usahihi. Lodi seli zilizokaa vizuri hutoa makosa yaliyo chini ya nusu ya asilimia 1. Vihisio vya boliti hucheza kati ya asilimia 1 na 5, kutegemea muundo wa kihenge na uvumilivu wa fundi. Asilimia 1 ya tani 60 ni magunia 6. Asilimia 5 ni magunia 30, na hapo umerudi kwa mzee na nyundo yake, tofauti ikiwa bili ya umeme.

Adui mkubwa wa njia hii huku kwetu ni jua. Chuma kikipata joto hurefuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Unyweaji wa mguu wetu chini ya tani 15 ni kama sehemu 122 kwa milioni. Pima mwenyewe: nyuzi 10 za joto zinaubadilisha mguu sawa na kihenge kilichojaa mahindi. Kifaa kizuri kimetengenezwa kufidia joto linaloenea mguu mzima, na kwenye karatasi ya muuzaji utasoma kwamba jambo hilo limetatuliwa. Lakini Musoma iko digrii moja na nusu tu kusini mwa Ikweta. Asubuhi jua linachomoza upande wa nchi kavu na kuipiga miguu ya mashariki usoni, wakati mgongo wake bado ni wa baridi. Mguu unapinda kama ubao ulioachwa juani, na kihisio kinausoma mpindo huo kama mzigo. Nimeona kihenge kitupu "kikijaza" tani 2 kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kisha "kikizitoa" mchana. Dawa si ya ajabu: vihisio viwili kila mguu, kimoja uso wa mashariki na kimoja wa magharibi, ili mpindo ujifute; kibanda cha bati juu yake; rangi nyeupe; na, muhimu kuliko yote, namba ya daftari isomwe alfajiri, kabla jua halijagusa chuma. Upepo nao hufutika ukipima miguu yote minne, maana kinachoondoka mguu mmoja kinahamia mwingine. Anayekuambia miguu miwili inatosha anakuuzia nusu ya mizani.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa macho, na huwa linanifurahisha kulieleza. Kilo ni kilo popote, ila lodi seli haisomi kilo. Inasoma nguvu inayosukuma chini, na nguvu hiyo si sawa duniani kote. Karibu na Ikweta, tena mita 1,150 juu ya usawa wa bahari kama Musoma, mvutano wa dunia ni mdogo kwa takribani asilimia 0.35 kuliko Ujerumani ya kati. Kipimo kilicholinganishwa huko kiwandani na kuletwa huku bila kuguswa kitasoma tani 60 kama tani 59 na kilo 790. Magunia mawili na ushei yameliwa na Ikweta, na hakuna mtunza ghala atakayeweza kujitetea kwa hoja hiyo mbele ya bodi.

Mengine niyapitie haraka. Bomba gumu lililochomelewa kwenye tangi linabeba sehemu ya uzito. Kata kipande, weka mpira unaonyumbuka. Ngazi iliyoegemezwa ukutani ni hivyo hivyo, na mtu juu yake. Panya wanapenda waya laini. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na radi haihitaji kupiga kihenge chenyewe ili kuua lodi seli. Ikipiga jirani, inatosha. Unga waya mnene wa shaba kutoka mwili wa kihenge hadi ardhini, upite pembeni ya seli, ili umeme usipite ndani yake.

Waya huo wa shaba una faida nyingine ambayo niliijua kwa uchungu. Kwenye kiwanda kimoja, ambacho kitabaki bila jina, tulimaliza kazi Ijumaa, mizani ikasoma vizuri. Jumatatu namba zilikuwa zinaruka kama panzi. Tulibadilisha waya, tukafungua kiboksi, tukalaumu umeme unaokatika. Jioni mfagizi akataja, bila kujua anataja nini, kwamba Jumapili mchomeleaji alikuja kuziba tundu kwenye faneli. Alibana kishikio cha ardhi kwenye chuma cha msingi, chini ya lodi seli, akachomea juu. Waya wa shaba wa kuupitisha pembeni haukuwepo, kwa hiyo umeme wote wa mashine ya kuchomelea ulirudi kwa kupitia lodi seli. Mbili zilikufa papo hapo, ya tatu ilikuwa mgonjwa. Tangu siku hiyo, kwenye kila kihenge ninachokigusa naandika kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili: USICHOMELEE KABLA HUJAULIZA.

Sasa tufike kwenye ufunguo. Kihenge kikishavikwa vihisio kinatoa volti, si tani. Kuigeuza volti kuwa tani kunahitaji kitu chenye uzito unaojulikana, na hakuna anayemiliki mawe ya mizani ya tani 60. Njia ya heshima ni hii: tafuta mizani ya magari iliyohakikiwa, pima lori likiwa limejaa, mwaga kwenye kihenge, pima lori likiwa tupu, andika tofauti, soma volti. Rudia tani 10 kwa tani 10 mpaka kihenge kijae, kisha shuka nayo hivyo hivyo, kwa kuwa chuma kina ukaidi wake na njia ya kushuka hailingani kabisa na ya kupanda. Ni kazi ya siku mbili au tatu ambayo muuzaji hataki kuifanya na mnunuzi hataki kuilipia. Wanakubaliana kimyakimya kuiruka: fundi anaingiza kwenye kifaa namba zilizoandikwa kwenye cheti cha kiwandani, kioo kinawaka, picha inapigwa. Ninaposema fedha imetupwa, ndiyo hiyo.

Na mizani ya magari ichaguliwe. Ile ya TANROADS, wakala wa barabara, ipo kulinda barabara. Inauliza kama ekseli zimezidi na kama lori limevuka tani 56 zinazoruhusiwa na sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Kwa kazi yako unahitaji mizani ya biashara yenye stika hai ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002 kusimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340.

Sheria hiyo ndiyo inayochora mstari ambao wauzaji wa vihisio hupenda kuufifisha. Ukitaka kujua umebakiwa na nini ili uagize mahindi kabla kuku hawajalala njaa, hiyo ni namba yako ya ndani. Ipime kwa boliti, kwa nyundo, kwa ndoto ukipenda. Lakini ukinunua au kuuza kwa kutazama kioo cha kihenge, kioo hicho kimekuwa mizani ya biashara, na lazima kihakikiwe na kufungwa lakiri. Vihisio vya boliti vyenye kosa la asilimia 2 havitaupita mlango huo, na sioni haja ya kuvilazimisha. Watu wa huku wana kumbukumbu ndefu kuhusu mizani. Mkulima wa pamba wa Bunda ameishi na mizani ya rula, ambayo mkono wa karani uliijua kuliko macho ya mwenye pamba, kabla mizani za kidijitali hazijaanza kushika nafasi yake. Wauza viazi na vitunguu wanajua lumbesa, gunia linaloshonewa kofia huku sheria ikisema mwisho ni kilo 100. Mtu wa namna hii hatashangilia kioo. Atauliza ni nani aliyekifunga.

Mfano mkubwa tunao Kigamboni. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa na mita za kupimia mafuta yanayoshushwa melini, na bado Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokwenda huko Februari 2016 alikuta zimekaa karibu miaka 5 bila kutumika, mafuta yakipimwa kwa kijiti kwenye matangi. Mabishano yalikuwa juu ya kuaminika kwa mita hizo na nani mwenye mamlaka ya kuzithibitisha. Vyuma vilikuwepo, imani ndiyo haikuwepo, na pasipo imani kijiti kilishinda. Si kwamba kijiti ni kipumbavu. Tangi lililopimwa vizuri, lenye jedwali la ujazo kwa kila milimita na kipimajoto, linasomeka kwa kijiti kwa usahihi wa kuheshimika. Malori ya mafuta hupimwa ujazo wake na Wakala pale Misugusugu, Pwani, kwa sababu hiyo hiyo. Kilichoanguka ni mnyororo wa uthibitisho kati ya kifaa na fedha. Kiwanda cha Musoma chenye kihenge kimoja kina mnyororo ule ule, mfupi zaidi: namba ya siri ya kifaa. Anayeijua anaweza kuhamisha sifuri. Nimekuta kiwanda ambacho mtu aliyeijua namba hiyo ni fundi wa nje aliyekwishabadilisha simu, na kingine ambacho ilikuwa 1234. Ibaki kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mhasibu, wala si kwa mtunza ghala, na si kwa sababu mtunza ghala ni mwizi. Ni kwa sababu siku hesabu itakapokataa, yeye ndiye atakayekuwa na haja ya kusema: mimi sikuwa na ufunguo.

Maana hesabu itakataa, hata kila kitu kikiwa sawa. Mahindi yakiingia na unyevu wa asilimia 18 na kukaushwa mpaka 13.5, kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki, tani 60 zinakuwa 56.9. Tani 3.1 zimekwenda hewani kama mvuke. Mizani mpya itaziona vizuri mno, na meneja ambaye zamani asingejua lolote atamwita mtu ofisini. Mizani ya kihenge bila kipima unyevu mlangoni ni mashine ya kutengenezea washitakiwa. Kama bajeti inatosha kimoja tu, nunua kipima unyevu.

Kuna mahali ambapo shughuli yote haina maana. Matangi ya maji, kama ya mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, yanahitaji kipimo cha kina tu. Maji hayana kichuguu wala kuba. Vihenge vikubwa vya sakafu bapa vilivyokaa juu ya zege havina miguu ya kusoma. Hata Serikali ilipojenga vihenge vya kisasa vya NFRA, wakala wake wa hifadhi ya chakula, kwa mkopo wa Poland, kutoka Babati na Shinyanga mpaka Songea na Mpanda, ili kupandisha uwezo wa hifadhi kutoka tani 251,000 hadi 501,000, hesabu ya nafaka ya vihenge vikubwa kama hivyo hubaki mlangoni, kwenye mizani ya malori yanayoingia na kutoka. Njia ya vihisio ni ya kihenge cha kati chenye miguu, na cha kati ndicho tulichonacho Mara.

Kile cha Buhare tulikifunga vihisio vinane vya boliti, viwili kila mguu, na tukakilinganisha kwa malori kwa siku mbili na nusu. Asubuhi ya kwanza baada ya kujazwa kidogo, kioo kilisoma 43.7. Mzee alikuwa amekwishagonga, na daftari lake lilisema 41. Vijana wakaanza kucheka. Nikamchorea kichuguu mchangani kwa kijiti, nikamwambia hesabu yake. Alitazama kwa muda, akaniuliza kama nilikuwa na hakika ya zile nyuzi 25, kisha akachora safu ya pili kwenye daftari.

Bado anagonga kila asubuhi baada ya kujaza. Safu ya kwanza ni ya nyundo, ya pili ni ya kioo, ya tatu ni tofauti. Ikiwa tofauti inazunguka tani 2.8 anafunga daftari na kwenda kunywa chai. Wiki mbili zilizopita ilifika 4.5 kwa siku tatu mfululizo, akanipigia simu. Nilikwenda, nikafungua kiboksi cha mguu wa kaskazini, nikakuta maji.